Shabaha: Majeshi Yanaposhindana Bila Kupigana

Neno shabaha lina maana mbili katika Kiswahili, na inafaa mwanafunzi azijue zote mbili. Maana ya kwanza ni kile kinacholengwa: ubao, duara lililochorwa kwenye karatasi, au mtu. Maana ya pili ni kusudi: twasema shabaha ya mkutano, shabaha ya sheria, shabaha ya elimu. Mtu aweza kuwa hodari wa shabaha kwa maana ya kwanza, na akawa hana shabaha kabisa kwa maana ya pili. Hali kadhalika jeshi.

Leo, ndugu msomaji, ningependa tutazame historia ya mashindano ya kulenga shabaha baina ya majeshi ya mataifa. Jambo hilo lina fumbo ndani yake. Inakuwaje majeshi mawili, ambayo huenda kesho yakapigana, yakutane leo uwanjani kupimana ustadi uleule ambao yangeutumia kuuana? Na kwa nini majeshi ya Afrika Mashariki, yalipoanza kukutana kwa michezo, yaliiacha bunduki nyumbani?

Mashindano yaliyozaliwa na hofu

Mwaka 1859 Waingereza wengi waliingiwa na hofu kwamba Mfalme Napoleon III wa Ufaransa angevuka bahari na kuwashambulia. Raia kwa maelfu wakajiandikisha kuwa askari wa kujitolea, na mwezi Novemba mwaka huohuo kikaundwa chama cha taifa cha bunduki ili kuwafundisha kulenga. Mnamo Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama hicho. Bunduki ilikuwa imekwisha kuelekezwa kwenye shabaha na kukazwa isitikisike. Yeye akavuta kamba iliyofungwa kwenye kifyatulio, na risasi ikapiga karibu na kitovu cha shabaha. Mwaka 1890 mashindano hayo yalihamia Bisley, ambako yanafanyika hata sasa.

Tukumbuke basi kwamba chanzo cha mashindano hayo kilikuwa maandalizi ya vita, na urafiki wa mataifa haukuwa shabaha yake. Kadiri miaka ilivyopita, timu kutoka makoloni na nchi za nje zilialikwa, vikombe vikatolewa, na yakazoeleka kama mchezo. Lakini bunduki ilikuwa ileile iliyopelekwa vitani.

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa Athens mwaka 1896, kulikuwa na shindano la bunduki ya kijeshi kwa umbali wa mita 200, na Mgiriki Pantelis Karasevdas ndiye aliyeshinda. Mwaka 1912 mjini Stockholm, timu za mataifa zilishindana tena kwa bunduki za kijeshi. Miaka miwili baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Michezo ya mwaka 1916, iliyokuwa imepangiwa Berlin, haikufanyika. Mataifa yaliyokuwa yamepeana mikono mbele ya ubao wa shabaha yalilengana machoni kwenye mahandaki. Hapa historia inatupa onyo la kwanza: kushindana kwa amani hakuzuii vita, ikiwa wenye kuamua juu ya bunduki wana shabaha nyingine.

Kutoka Le Mans hadi Nice

Vita vilipokwisha, majeshi yaliyoshinda yalikuwa na maelfu ya vijana waliosubiri kurudishwa makwao. Mwezi Juni na Julai 1919 yakaandaliwa mashindano makubwa ya majeshi washirika nje ya jiji la Paris, katika uwanja uliopewa jina la Jenerali Pershing wa Marekani. Mataifa 18 yalishiriki. Mashindano ya bunduki na bastola yalifanyika mbali kidogo, katika viwanja vya kijeshi vya Le Mans. Ujerumani na washirika wake hawakualikwa. Ulikuwa urafiki wa upande mmoja wa vita.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wazo hilo lilirudi likiwa limekomaa zaidi. Tarehe 18 Februari 1948, mjini Nice, Ufaransa, nchi tano ziliunda Baraza la Kimataifa la Michezo ya Kijeshi: Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na Denmark. Kaulimbiu yake ni urafiki kwa njia ya michezo. Mmoja wa waasisi wake, Mfaransa Henri Debrus, ndiye aliyebuni shindano la fani tano la kijeshi: kulenga shabaha kwa bunduki, kupita vizuizi, kuogelea penye vizuizi, kurusha guruneti, na kukimbia mbio za nyika.

Tutue kidogo kwenye fani ya kwanza, kwa maana imejaa mafunzo. Shabaha iko mita 200. Mshindani hupiga kwanza risasi 10 kwa dakika 10, ili apimwe utulivu wake. Kisha hupiga risasi nyingine 10 kwa dakika moja tu, ili apimwe wepesi wake. Hakuna anayefyatua kabla ya amri. Mwamuzi akisema simama, wote husimama, hata kama mmoja wao ni kanali na mwingine ni koplo. Alama husomwa kwenye karatasi, na karatasi haijui cheo wala bendera. Bunduki, ambayo kwa kawaida ni chombo cha kuwatiisha wengine, hapo imetiishwa na kanuni.

Wakati wa Vita Baridi nchi za kambi ya Kisovieti zilikuwa na umoja wao wa michezo ya kijeshi, mbali na ule wa Nice. Ni baada tu ya mfarakano huo kwisha ndipo Michezo ya Dunia ya Kijeshi ilipofanyika kwa mara ya kwanza, mjini Rome, mwaka 1995. Mtu anayetaka kujua majeshi gani yanaaminiana na aangalie ni yapi yanakubali kusimama mstari mmoja na silaha mikononi, yote yakitazama upande mmoja.

Askari asiyejichagulia shabaha

Sasa turudi kwetu. Bujumbura, iliyoitwa Usumbura zamani, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897. Askari Waafrika waliowekwa hapo walifundishwa kulenga chini ya maofisa wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti yenye moshi mwingi. Kila risasi ilimfichulia adui mahali alipo mpigaji. Upande wa pili walikuwapo Waafrika wengine, waliofundishwa na Wabelgiji wa Kongo. Mwezi Juni 1916 jeshi la Wabelgiji likaiteka Usumbura.

Mashariki zaidi, Waingereza waliunda mwaka 1902 kikosi cha King's African Rifles, kilichounganisha askari wa Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Baada ya vita, Tanganyika nayo ikaingizwa humo. Kiswahili kilikuwa lugha kubwa ya askari hao, kama kilivyokuwa kwa askari wa Wajerumani. Basi wanaume waliosemezana kwa lugha moja walilengana kwa amri za wafalme wawili wa Ulaya ambao hawakupata kuwaona. Walikuwa na shabaha kwa maana ya kwanza ya neno. Shabaha kwa maana ya pili ilikuwa ya watu wengine.

Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilika, lakini uhusiano wa bunduki na raia haukunyooka kwa siku moja. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vilivyofuata viliwafikisha wanajeshi wa Tanzania Kampala mwezi Aprili 1979. Majeshi ya nchi mbili ambazo watu wake waliwahi kutumikia kikosi kimoja cha kikoloni yalipigana kwa mizinga. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi za Kagera zilikuwa watu.

Mpira kwanza, bunduki baadaye

Tukiyakumbuka hayo, ndipo tunapoweza kuuthamini uamuzi wa majeshi ya kanda yetu. Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Burundi ikajiunga, pamoja na Rwanda, tarehe 1 Julai 2007. Kwa kufuata maelewano ya ushirikiano wa ulinzi, majeshi ya nchi wanachama yalianza kukutana kwa michezo na maonyesho ya utamaduni. Zanzibar ilikuwa mwenyeji mwaka 2014, Kampala mwaka 2015, Kigali mwaka 2016, Nairobi mwaka 2019. Na Bujumbura yetu nayo imeshika zamu yake.

Kigali mwaka 2016 fani zilikuwa tano: soka, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, netiboli na mbio za nyika. Kulenga shabaha hakukuwamo. Polisi wa Afrika Mashariki, kwa upande wao, wana michezo yao, na ilipofanyika Kigali mwaka 2023 kulenga shabaha kulikuwa mojawapo ya mashindano. Jeshi la Uganda lilikwenda hata Urusi, mwaka 2017, kushiriki mashindano ya vifaru. Kwa hiyo ustadi upo, na hamu ya kushindana ipo. Kwa nini basi wanajeshi wetu walichagua mpira?

Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba uwanja wa shabaha una ukuta. Raia haingii huko, na hastahili kuingia, kwa ajili ya usalama wake. Uwanja wa mpira una majukwaa. Mama muuza ndizi aweza kuketi hapo akamwona koplo akikosa penalti, akacheka, na asiogope kucheka. Katika nchi ambazo raia amezoea kuliona gwanda la jeshi kwenye kizuizi cha barabarani, kicheko hicho si jambo dogo.

Sababu ya pili ni imani, ambayo hujengwa kwa ngazi. Huanza na mpira, ikafuata ngoma, kisha mazoezi ya pamoja. Kulipeleka jeshi jirani kwenye uwanja wako wa shabaha ni kulionyesha jinsi askari wako wanavyolenga, na silaha gani wanazo. Jambo hilo hufanywa kwa rafiki. Huenda siku itafika ambapo bunduki nayo itaingia katika michezo hiyo. Ikifika, itakuwa ishara kwamba ngazi za chini zimekwisha kupandwa.

Uwanja wetu wa nyumbani

Sisi Warundi tunalijua jambo hili kwa njia ya karibu zaidi, kwa kuwa walengaji waliohitaji kusimama mstari mmoja walikuwa ndugu. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulilitazama suala la jeshi moja kwa moja: ukaweka kanuni kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya askari. Mapatano ya Pretoria ya mwaka 2003 yakafungua mlango kwa wapiganaji wa msituni kuingia jeshini, na mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ikaunda jeshi jipya la taifa.

Hebu lifikirie jambo hilo kwa picha ya uwanja wa shabaha. Watu wawili, ambao mwaka mmoja nyuma mmoja alikuwa shabaha ya mwenzake, sasa wanalala kifudifudi bega kwa bega, wanapokea risasi kutoka ghala moja, wanasubiri amri moja, na wanapiga ubao mmoja. Mwezi Desemba 2007 jeshi hilo lilipeleka askari Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, walikotangulia Waganda mwezi Machi mwaka huo, na baadaye Wakenya wakajiunga. Askari wa kwanza kwenda huko walikuwa wametoka pande zilizopigana nyumbani.

Nisieleweke vibaya: jeshi lililochanganywa haliwi kinga ya milele, kama vile Stockholm ya 1912 haikuwa kinga ya 1914. Kanuni huishi kwa kushikwa kila siku. Ndiyo maana napenda wanafunzi wazijue kanuni tatu za uwanja wa shabaha, kwa kuwa ni kanuni za dola pia. Bunduki haifyatuliwi ila kwa amri halali. Hukumu ya mwamuzi haipingwi kwa mtutu. Na zoezi likiisha, silaha hurudi ghalani na risasi zote huhesabiwa. Taifa ambalo askari wake wanazishika kanuni hizo nje ya uwanja laweza kuwaalika majirani bila hofu. Na raia wake waweza kulala.

*Maswali ya kujadiliana darasani:*

1. Eleza maana mbili za neno shabaha, kisha utunge sentensi moja inayozitumia zote mbili.
2. Kwa nini mashindano ya mwaka 1912 hayakuzuia vita vya mwaka 1914?
3. Je, ungependa kulenga shabaha kuongezwe katika michezo ya majeshi ya Afrika Mashariki? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.