Wapangaji wawili kwenye diski moja: kumbukumbu za Eastleigh

Juzi kijana mmoja anayejifunza kuandika programu aliniuliza kwa nini sisi wa zamani tulihangaika kuweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja, wakati siku hizi mtu anabofya tu na Linux inafunguka ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Nilianza kumjibu kwa kifupi nikashindwa. Jibu lenyewe ni refu, linapitia Eastleigh, na linahusu baiti 512.

Tuanze na nyumba. Anayeijua Eastleigh anaijua Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni, basi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi waliofika Nairobi kutoka Somalia walipanga vyumba humo, na chumba kilekile cha kulala kikawa duka. Bidhaa zilikaa chini ya kitanda. Mteja akibisha hodi, zinatolewa. Baadaye vitanda vikaondolewa, vyumba vikawa maduka kamili, na majengo makubwa kama Amal Plaza yakafuata. Chumba kimoja, kazi mbili, kwa sababu pesa ya chumba cha pili haikuwepo. Kompyuta zetu ziliishi hivyohivyo.

Sasa turudi nyuma kidogo. IBM PC ya kwanza ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981, na wengi hawajui kwamba IBM haikuifunga kwenye mfumo endeshi mmoja. Iliuza PC DOS iliyotoka kwa Microsoft, CP/M-86 ya Digital Research, na UCSD p-System. PC DOS ilikuwa dola 40, CP/M-86 dola 240. Hapo huhitaji mchumi akueleze nani alishinda. Lakini kuwa na mifumo miwili hakukuwa shida: kila mfumo ulikaa kwenye flopi yake, ukitaka mwingine unabadilisha flopi.

Shida ilikuja na diski kuu. Machi 1983 IBM ilitoa PC XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na PC DOS 2.0. Diski haitoki kama flopi, kwa hiyo ilibidi igawanywe. Mpango waliouweka ulitumika kwa miaka karibu thelathini, na uko hivi. Sekta ya kwanza kabisa ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni programu ndogo ya kuwashia. Baiti 64 zinazofuata ni orodha ya wapangaji: nafasi nne, kila moja baiti 16, zikieleza chumba kinaanzia wapi, kina ukubwa gani, ni cha aina gani, na kama ndicho cha kuamshwa kwanza. Mbili za mwisho ni alama, 55 na AA, kuiambia mashine kwamba sekta hii inafaa kuwashiwa.

Angalia vizuri ramani hiyo. Vyumba vinne, mlango mmoja. Tangu 1983 IBM ilikubali kwamba mifumo kadhaa inaweza kukaa diski moja. Ila yule anayeshika zile baiti 446 ndiye anayeamua nani aingie, na hakuna kufuli: anayeandika mwisho ndiye mwenye mlango. Virusi walilijua hilo mapema. Brain, kirusi cha mwaka 1986 kutoka Lahore, Pakistan, kilijificha kwenye sekta hiyohiyo ya kuwashia, ila ya flopi.

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, alikuwa akiijenga kwenye PC ya kawaida kama za watu wengine, na watu wengine walikuwa na DOS tayari. Linux basi ilizaliwa mpangaji wa pili. Ndiyo maana ilijifunza adabu mapema. LILO, programu ya kuwashia iliyoandikwa na Werner Almesberger, ilikuuliza unataka kuamsha nini na ikawaamsha wengine bila kinyongo. Ilikuwa na tabia moja mbaya: ilikariri mahali keneli ilipo kwenye diski kwa namba tu. Ukibadilisha keneli ukasahau kuiendesha LILO tena, kioo kinaandika L, au LI, halafu kimya. Wale waliowahi kuona hizo herufi mbili saa nane usiku wananielewa. GRUB, aliyoianzisha Erich Boleyn mwaka 1995, ilikuwa na akili zaidi kwa sababu inaweza kuusoma mfumo wa faili wenyewe na kuitafuta keneli kwa jina.

Windows haikujifunza adabu hiyo. Kila ulipoiweka upya, iliandika baiti 446 zake juu ya za mwenzake bila kuuliza. Wengine husema ni uzembe tu. Mimi sikubaliani nao kabisa, na kisa cha BeOS ndicho sababu. Miaka ya mwisho ya 1990 kampuni ya Be, ya Jean-Louis Gassée, ilitaka mfumo wake ukae pamoja na Windows kwenye kompyuta mpya dukani. Hitachi ilikubali, ikauza Japani mashine za FLORA Prius zenye mifumo yote miwili. Lakini mnunuzi akiziwasha aliona Windows tu. Menyu ya kuchagua haikuwepo, na kuifikia BeOS ilibidi afuate maelekezo ya pembeni na kutumia flopi. Be ilidai kwamba masharti ya leseni ya Windows ndiyo yaliyowafunga mikono watengenezaji. Ilishtaki mwaka 2002, na Septemba 2003 Microsoft ikalipa dola milioni 23.25 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Be yenyewe ilikuwa imekwisha kufa.

Basi mfumo wa pili haukuja kutoka dukani. Uliwekwa na mkono wa fundi.

Fundi mmojawapo nilikuwa mimi. Mwaka 2006 nilikuwa nahudumia saiba moja ndogo karibu na First Avenue, ghorofa ya pili, mashine kumi za mitumba, Pentium III zenye diski za gigabaiti 20. Wateja wengi walikuwa na ndugu Minneapolis, Toronto au London, na walikuja kuzungumza nao. Kila mashine niliigawa vyumba vitatu: Windows XP, Ubuntu, na chumba cha katikati cha FAT32 ambacho pande zote mbili ziliweza kusoma na kuandika. Kilikuwa sebule. Windows haikuelewa ext3 ya Linux hata kidogo, na Linux haikuweza kuandika kwenye NTFS kwa usalama hadi NTFS-3G ilipofikia toleo la 1.0, Februari 2007.

Kwa nini tusichague mmoja? Kila upande ulikuwa na sababu yake. Windows ilibaki kwa ajili ya video: Skype ya Linux haikuonyesha sura ya mtu hadi toleo la 2.0, na mama aliyekaa miaka sita bila kumwona mwanawe hataki kuelezwa habari za programu huria. Linux iliingia kwa sababu ya flashi diski. Mtu anachomeka flashi, na jioni mashine zote zina Brontok, kirusi kilichotokea Indonesia mwaka 2005. Upande wa Ubuntu flashi hiyohiyo ilikuwa faili tu.

Halafu kuna leseni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilianza kutumika Kenya mwaka 2003, wakati XP nyingi mtaani zilitoka kwenye CD iliyoandikwa jina kwa kalamu. Ripoti za chama cha kampuni za programu, BSA, za miaka hiyo zilikadiria kwamba karibu programu nne katika kila tano kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Mwenye saiba alilala vizuri zaidi akijua kwamba akikaguliwa, ana upande mmoja ulio halali kabisa na mashine zitaendelea kufanya kazi.

Kuipata Ubuntu nako kulikuwa na historia yake. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ghali na polepole. CD moja ina megabaiti 700. Kwa laini ya kilobiti 56, piga hesabu mwenyewe: takriban saa 28 bila kukatika hata mara moja, na mara moja haikuwa ndoto ya Nairobi. Kwa hiyo tuliagiza kwa posta. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth, ilituma CD bure dunia nzima kwa mpango wa ShipIt hadi Aprili 2011. Zilifika sandukuni zikiwa kwenye bahasha safi, na mwenye saiba hakuamini kwamba hakuna bili itakayofuata.

Sasa kosa langu. XP ya mashine namba nne ilikuwa imeoza kwa virusi, nikaamua kuifuta na kuiweka upya. Waliowahi kuiweka XP wanakumbuka kile kioo cha bluu chenye orodha ya patisheni. Ya Linux huonekana kwa neno Unknown, maana Windows haimjui jirani. Unabonyeza D kufuta, kisha L kuthibitisha. Nilikuwa naongea na mtu. Nikabonyeza D, nikabonyeza L, nikatazama: mstari wa Windows upo, ule wa Unknown haupo.

Jasho lilinitoka. Upande ule wa Linux kulikuwa na faili za mama mmoja wa makamo, mteja wa kila wiki, aliyekuwa akitafuta kuunganishwa na binti yake aliyekuwa ng'ambo. Fomu alizokuwa ameziskani, barua, picha za familia. Ni mimi niliyemwambia aziweke upande wa Linux, kwa sababu upande wa Windows haukuwa salama. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alikuwa arudi alasiri hiyohiyo.

Nilizima. Nilipowasha tena, GRUB ikaandika Error 22, yaani chumba ninachokitafuta hakipo. Ujumbe huo ndio ulionituliza kidogo, kwa sababu ulinikumbusha ile orodha. Nilichokifuta kilikuwa baiti 16. Ni kama kufuta jina la mpangaji kwenye daftari la mwenye nyumba: godoro, sufuria na masanduku bado vimo chumbani, mradi hujampa mtu mwingine ufunguo. Ningeendelea hatua moja zaidi, nikaunda patisheni mpya na kuifomati, ningekuwa nimempa mtu mwingine ufunguo.

Nilikuwa na CD ya Knoppix, Linux inayoendeshwa kutoka kwenye CD bila kugusa diski. Ndani yake mna TestDisk, programu ya Christophe Grenier, ambayo haitazami daftari. Hupita diski yote ikitafuta alama za mifumo ya faili. Ext3 huhifadhi maelezo yake makuu mwanzoni, na nakala zake sehemu kadhaa. Baada ya kusubiri kwa muda ulioonekana mrefu kuliko ulivyokuwa, ikaonyesha patisheni iliyopotea, ukubwa uleule. Nikaagiza iandikwe. Baiti 16 zikarudi na GRUB ikaamka.

Mama alipokuja nilimwambia ukweli wote. Alinisikiliza, akasema, "Kijana wangu, niandikie hizo kwenye CD mbili. Moja utakaa nayo wewe." Nilimwandikia tatu.

Baadaye nikarudi kwenye kazi iliyonileta: kuiweka XP, ambayo kama kawaida yake ikafuta GRUB, nami nikairudisha kwa CD ya Ubuntu. Hiyo haikuhesabiwa kuwa kosa. Ilikuwa sehemu ya bei ya ufundi.

Mambo yaliyomaliza enzi hiyo yalikuja kutoka pande kadhaa, na nitayapita haraka. Januari 2007 kampuni ya Innotek ilitoa VirtualBox, ukaweza kuendesha mfumo wa pili ndani ya wa kwanza. Kwa Pentium III zetu zenye RAM ya megabaiti 256 hiyo ilikuwa hadithi tu, lakini mashine zilikua. XP iliacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014. Sekta ya kwanza nayo ilizeeka: hesabu yake haifiki mbali zaidi ya terabaiti 2, na mpango mpya wa UEFI na GPT unaruhusu patisheni 128 na kumpa kila mfumo faili yake ya kuwashia, badala ya kugombea baiti 446. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta Secure Boot, na ugomvi wa mlango ukarudi kwa sura nyingine: safari hii ni sahihi ya nani inayotambuliwa na mashine. Mwaka 2016 Microsoft yenyewe ikaiingiza Linux ndani ya Windows 10. Ndiyo hiyo anayoijua yule kijana.

Kuna jambo moja ambalo halijaisha. Tangu PC AT ya mwaka 1984, kompyuta ina saa yenye betri, lakini saa hiyo haihifadhi ni ya wapi. DOS, na Windows baada yake, huisoma kama saa ya hapa ulipo. Linux hupenda kuiweka kwa saa ya dunia, UTC, kisha ijumlishe tatu za Nairobi. Usipowapatanisha, kila ukitoka Linux kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Pale saiba, tulipolipisha kwa dakika, hilo lilileta ugomvi kuanzia asubuhi. Na jioni moja mteja alishangaa kusikia adhana ya magharibi, saa kumi na mbili na nusu, huku kompyuta ikimwambia ni saa tisa na nusu na alasiri bado.

Wiki iliyopita nililetewa laptopu mpya ya mtu aliyeweka Windows 11 na Ubuntu pamoja. Nikaiwasha upande wa Windows, intaneti ikiwa imezimwa, nikatazama kona ya chini kulia. Saa tatu nyuma.