Magari Mawili Katika Reli Moja

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, dakika kama kumi kabla ya saa sita, gari la moshi la mizigo lililotoka Luena kwenda Tenke liliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, katika nchi ya Lubudi, na mabehewa saba yakaanguka bondeni. Lilikuwa na mabehewa 15, na katika hayo 12 hayakuchukua mzigo wo wote. Ndivyo ilivyotangazwa. Lakini lilichukua watu, tena wengi, waliopanda kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kuwafikisha waendako. Watu 75 walihesabiwa wamekufa.

Habari ilipofika hapa Lubumbashi, wengine walisema, "Ni bahati mbaya," na wengine, "Ni mapenzi ya Mungu." Nasi twaheshimu kinywa cha mtu aliyefiwa, maana aliyefiwa hasahihishwi. Lakini wasomaji wetu watakumbuka kwamba mwezi wa Novemba 2017, jirani na Buyofwe hiyohiyo, gari lililochukua mafuta liliacha reli, na watu zaidi ya 30 wakateketea kwa moto. Mahali pamoja, mara mbili, katika muda usiofika miaka mitano! Hapo hatutaki kumtwika Mungu mzigo wa breki na wa mteremko. Iko elimu inayochungua mambo hayo, elimu iliyoanza zamani, nayo siku hizi yafundishwa katika vyuo vikuu kwa vijana waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Twataka kusimulia jinsi ilivyozaliwa, maana sisi ni watu wa reli, tupende tusipende.

Sisi tukaao Naviundu tu watu wa shaba kwanza. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta hapa alama za kuyeyusha shaba za kama karne ya 4, yaani zamani sana kabla jina la Katanga halijasikiwa Ulaya. Shaba hiyo ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Reli ilikuja kutoka kusini, ikapita Sakania, na gari la kwanza likaingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 27 Septemba 1910. Mwaka uliofuata Mapadre na Mabruda Wasalesiani walifika mjini, na mara wakaanza kufundisha vijana kazi za mikono, kwa sababu mji wa reli na wa tanuru hauendi bila mafundi. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama. Mwaka 1928 ilifika Ilebo, na Mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja mwenyewe kuifungua. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela upande wa Dilolo. Leo njia za SNCC ni kama kilometa 3,600, na upana kati ya reli na reli ni milimeta 1,067.

Sasa msomaji aangalie jambo moja. Karibu urefu huo wote ni njia moja tu. Magari yaendayo na yarudiyo yakanyaga reli zilezile, nayo hupishana stesheni. Mtu wa baiskeli akikutana na mwenzake katika kijia chembamba atashika breki na kuingia majanini, lakini gari la moshi lenye tani mia nyingi halina majani ya kuingilia, tena dereva akiona taa ya mwenzake mbele yake, kwa kawaida umekwisha kupita wakati wa kusimama. Basi swali la kwanza la elimu hii lilikuwa hili: nani atajua kwa hakika kwamba reli iliyo mbele ni tupu?

Hapo mwanzo walitumia saa. Gari likiondoka, lingine lilingoja dakika kadha wa kadha, kisha likafuata. Wa kwanza akiharibikiwa njiani, wa pili alimgonga kwa nyuma, na saa yake ilikuwa sawasawa kabisa. Baadaye ilikuja telegrafu, na wakuu wa stesheni wakaweza kuulizana na kujibizana. Watu wakadhani shida imekwisha. Tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na mji wa Norwich, Uingereza, magari mawili ya abiria yalikutana uso kwa uso usiku katika njia moja, wakafa watu 25. Mkubwa wa zamu alikuwa amesema neno la ruhusa, na karani wa telegrafu akalipeleka kabla halijatiwa sahihi. Walipogundua kosa wakapeleka habari ya kulifuta, lakini gari la pili lilikuwa limekwisha kuondoka. Hebu tufikiri hali ya watu wale wawili, wamesimama stesheni usiku, wajua litakalotokea, wala hawana la kufanya ila kungoja.

Mwingereza mmoja fundi wa umeme, Edward Tyer, alitafuta dawa ya kosa la namna hiyo, na mwaka 1878 alitoa mashini yake. Kila upande wa sehemu ya njia huwekwa sanduku, na masanduku hayo mawili huungwa kwa waya. Ndani yamo vibao vya duara vya chuma. Kibao kimoja kikitolewa, masanduku yote mawili hujifunga, wala hakitoki kingine po pote mpaka kile kimerudishwa katika sanduku moja au lingine. Dereva asiye na kibao mkononi haondoki, hata mkuu wa stesheni akimwamuru, hata akiwa amechelewa namna gani. Twaona uzuri wa jambo hili ni kwamba halikumwambia karani, "Uwe mwangalifu zaidi." Karani alikuwa akiambiwa hivyo tangu siku zote. Lilimwondolea nafasi ya kukosa.

Swali la pili ni la kusimama. Juni 12, 1889, watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao walipanda gari huko Armagh, Ireland, kwenda kutembea pwani. Gari lilikuwa zito, nalo likakwama katika kilima. Wakubwa wa safari waliamua kulikata vipande viwili: injini ivute mabehewa ya mbele kwanza, halafu irudi kuchukua mengine kumi. Yale kumi yaliachwa mlimani na breki ya mkono tu, na mawe chini ya magurudumu. Injini ilipoanza ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma, mawe yakavunjika, na mabehewa yakashuka kwa kasi mpaka yakalivaa gari lililokuwa likifuata. Walikufa watu kama 80, wengi wao watoto. Katika mwaka uleule Bunge la Uingereza lilitoa sheria kwamba magari yote ya abiria yawe na breki ya hewa au ya namna ile, inayoshika mabehewa yote pamoja, tena ijishike yenyewe mabehewa yakikatika. Breki ya hewa ijishikayo ilikuwa imekwisha kutengenezwa na Westinghouse wa Marekani tangu 1872. Miaka 17 ilipita. Dawa ilikuwapo dukani, lakini haikununuliwa kwa sababu ya bei, mpaka watoto wale walipokufa.

Twaisimulia habari ya Armagh kwa urefu kwa sababu ndugu zetu wa Tanzania waliiona tena kwa macho yao. Tarehe 24 Juni 2002 gari la abiria lililokuwa likipanda kilima kati ya Msagali na Igandu, katika mkoa wa Dodoma, lilirudi nyuma, likateremka bila kushikika, likaligonga gari la mizigo. Walikufa watu 281. Na sisi katika Kasai, mwezi wa Agosti 2007, karibu na Benaleka, tulipoteza watu kama 100 katika gari la mizigo ambalo breki zake zilishindwa kufanya kazi. Kati ya Armagh na Benaleka ni miaka 118.

Swali la tatu lilijibiwa kwa umeme. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hati ya kupitisha umeme kidogo katika reli zenyewe, kama vile katika waya. Reli ikiwa tupu, umeme wazunguka na kuinua alama ya kupita. Gari likiingia, magurudumu yake yaunganisha reli mbili, umeme wakatika njiani, na alama yaanguka yenyewe: simama! Lakini hilo si ajabu kubwa. Ajabu ni kwamba reli ikivunjika, au waya ukikatwa na mwizi, au betri ikifa, alama yaanguka vilevile. Kila ubaya waishia upande wa kusimama. Ndiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa kazi hii, kwamba kila mtambo utaharibika siku moja, basi uharibikapo uharibikie upande wa usalama.

Hata hivyo kanuni haimtoshi mtu aliyechoka. Tarehe 12 Desemba 1988, huko Clapham, London, walikufa watu 35 kwa sababu fundi mmoja aliacha waya wa zamani usioondolewa, ukagusa mahali pake pa kale, na alama ikakataa kuwa nyekundu. Tume ilipochungua haikuishia kwa fundi. Ilikuta kwamba katika majuma 13 alikuwa amepumzika siku moja tu, na kwamba hakuna mtu aliyekagua kazi yake. Tangu hapo, masomo ya usalama wa reli hayasemi juu ya nyaya na chuma peke yake. Yasema juu ya usingizi, mishahara, zamu, na jinsi mdogo anavyoogopa kumwambia mkubwa kwamba breki haishiki. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu iliyo ngumu kupita zote.

Mtu asidhani Katanga ilikuwa nyuma siku zote. Mwaka 1952 njia ya Jadotville, yaani Likasi, hata Tenke ilianza kutumia umeme wa volti 25,000, na katika dunia nzima ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza kufanya hivyo. Mainjinia wa nchi nyingi walitumia namna hiyo baadaye. Lakini chuo kikuu cha kwanza mjini kwetu kilifungua milango mwaka 1956 tu, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa na wahitimu wachache sana wa chuo kikuu. Wakongo waliendesha injini, walitandika reli, walitengeneza mabehewa, lakini hesabu na michoro iliwekwa na wengine. Kisha ikaja vita. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoelekea Jadotville yalikuta madaraja ya Lufira yamevunjwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga njia ya Benguela, na treni za shaba hazikupita huko kwa miaka 40 na zaidi.

Kijana wa leo atakayetaka kuisoma elimu hii ana mahali pa kwenda. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kimetoa shahada ya uzamili yenye jina hasa la usalama na mitambo ya kuongozea reli. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Addis Ababa kina kituo cha Afrika cha masomo ya reli kwa uzamili na uzamivu. Wala si masomo ya hewani, kwani tangu mwaka 2024 Watanzania wapanda gari la umeme kutoka Dar es Salaam hata Dodoma, na mtambo wa ETCS wamsimamia dereva kwa redio, nao hushika breki wenyewe akipita mpaka wa ruhusa yake. Mtambo huo wahitaji watu wa kuuelewa hata ndani, si wa kubonyeza vifungo tu.

Jirani yetu mmoja hapa Naviundu, kijana aliyemaliza masomo ya umeme, ameanza kutafuta nafasi katika chuo kimojawapo. Fedha hana, na barua mbili alizoandika kuomba msaada hazijajibiwa. Wakati wa kungoja amekuwa akisoma jinsi wataalamu wanavyopima hatari: wachukua hesabu ya abiria, wachukua hesabu ya vifo, wagawa. Juma lililopita alikuja na daftari lake akatuuliza, "Baba, gari la Buyofwe lilikuwa la mizigo. Katika vitabu vya gari la mizigo, hesabu ya abiria ni sifuri. Sasa wale 75 niwaandike katika mstari gani?"