Wino wa Mwana Kupona na Mwiko wa Ulimi Kyela

Historia ya elimu ya mwanamke katika Afrika Mashariki aghalabu huanzishwa na kengele ya shule ya misheni. Kwa upande wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, simulizi hiyo huanzia miaka ya 1890, Wamoraviani walipofungua kituo Rungwe mwaka 1891 na baadaye Ipyana, katika nchi tambarare ya Kyela. Mtazamo huo una kasoro: unaihesabu shule na kuisahau elimu. Kabla ya kengele hiyo kulia, wanawake walikwisha kufundishana imani, mwenendo na matumizi ya lugha. Mifano miwili inatosha kulithibitisha hilo, mmoja wa pwani ya Bahari ya Hindi na mwingine wa Kyela yenyewe.

Mfano wa pwani ni wa Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wosia. Jambo la kwanza analomtaka mwanawe ni kukaa karibu naye na kushika wino na karatasi. Kwa hiyo, binti huyo anachukuliwa kuwa mtu anayejua kuandika, na utendi wenyewe unawaalika wanawake wengine wausome. Mpangilio wa mafunzo nao una maana: dini hutangulia, kisha adabu na ukweli wa ulimi, ndipo yafuate ya mume na nyumba.

Wasomi wamehitilafiana kuhusu utendi huu. Baadhi wanauona kuwa kitabu cha utii, kwa kuwa radhi ya mume inafungamanishwa humo na Pepo. Wengine, akiwamo Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, wameona kwamba sauti ya mtunzi ina kejeli na uwezo kuliko inavyodhaniwa. Si lazima kumfanya Mwana Kupona mwanaharakati wa karne ya 20 ili kuutambua uzito wa alichokifanya. Alidai kwamba mama ana elimu inayostahili kuandikwa, na kwamba binti ana akili ya kuipokea.

Huko Kyela elimu ya namna hiyo haikuwa na karatasi. Msichana wa Kinyakyusa aliyevunja ungo alikaa ndani na wenzake, akafundwa na wanawake wazima. Utaratibu huo, uliounganishwa na ndoa, ulielezwa kwa kirefu na Monica Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1957, kutokana na utafiti wa miaka ya 1930. Fundisho moja linamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Mke alipaswa kumwepuka baba mkwe wake, asimtazame wala asilitaje jina lake. Mwiko huo, uitwao ingamwana, uligusa hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo, hivyo mke alilazimika kutumia mengine badala yake. Utiifu huo ulidai maarifa: mwanamke aliyekuwa akiuepuka mfanano wa sauti alikuwa akiichambua lugha yake kila siku, jikoni na shambani.

Hapa ndipo mifano hii miwili inapokutana na kuachana. Inakutana kwa kuwa pote pawili wema wa mwanamke ulipimwa kwa ulimi wake, na waliomfunza walikuwa wanawake. Inaachana katika suala la kalamu. Kwa kuwa Mwana Kupona aliandika, msomaji wa leo anaweza kumhoji, kumkubali au kumpinga kwa maneno yake mwenyewe. Walimu wa Kyela, kinyume chake, hufikiwa aghalabu kupitia maandishi ya wageni, ambayo, hata yawe makini kiasi gani, huwasilisha maarifa yao pasipo majina yao.

Aliyefunda bila kuandika hakuwa na elimu pungufu. Alichokosa ni nafasi ya kujibu. Kwa sababu hiyo, kuyakusanya maneno ya mwiko kutoka vinywani mwa bibi wa Kyela, kwa Kinyakyusa na kwa majina ya wenyewe wakiridhia, ni wajibu wa taaluma ya lugha. Mwana Kupona alimwambia binti yake ashike wino akiwa bado ana pumzi ya kusema.