Mzabibu na Shamba la Mlimani

Mzabibu ni mti wa subira. Aupandaye hangojei mavuno kabla ya miaka miwili au mitatu kupita, na mti wenyewe waweza kuishi kuliko mkono ulioupanda. Kwa hiyo, kuanzisha shamba dogo la mizabibu katika nchi ya baridi si jambo la udongo na hewa tu. Ni jambo la historia pia: ni nani waliopata kujenga shamba la kudumu mahali hapo, na walilijengaje?

Katika Tanzania mzabibu ulipata makao Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki waliupanda Bihawana katika karne ya 20, ukaenea kwa wakulima wadogo. Mvua ya Dodoma ni karibu milimita 600 kwa mwaka, na ukavu wake hupunguza kuvu, adui mkubwa wa mti huu. Ulaya, majira ya baridi huulaza mzabibu usingizi. Dodoma, usingizi huo hukatizwa na kisu cha mpogoaji, naye aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Milima ya Mbulu ina tabia nyingine. Irqwar Da'aw, kitovu cha Wairaqw, ambao Waswahili wamezoea kuwaita Wambulu, imeinuka kupita mita 2,000 katika sehemu zake nyingi. Baridi yake huja pamoja na mvua na ukungu. Haiulazi mti kama theluji ya Ulaya, bali huyalowesha majani na kukaribisha kuvu. Kwa hewa, basi, Mbulu haiwezi kushindana na Dodoma. Lakini kwa elimu ya kudumisha shamba la jamaa mlimani, mahali pachache katika Afrika Mashariki paweza kulinganishwa napo.

Huko, kwa vizazi vingi, jamaa zimelima miteremko ile ile bila kuihama. Ng'ombe hulazwa nyumbani, na samadi yao huchukuliwa shambani. Magugu hufukiwa yaoze. Mashamba hukatwa kwa kukingama mteremko ili maji yasiuchukue udongo, na mabondeni viazi vitamu hupandwa juu ya matuta.

Wataalamu walipoyaona hayo waliuliza sababu yake, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa hofu: Wairaqw walizingirwa na Wamasai, wakabanana milimani, wakalazimika kulima kwa bidii kipande kidogo cha nchi. Mwaka 2004 Lowe Börjeson, mtaalamu wa jiografia wa Stockholm, aliipinga hoja hiyo katika kitabu chake A History under Siege. Alionyesha kwamba shamba la mlimani lilijengwa kidogo kidogo, ndani ya kazi ya kila siku ya kulima na kupalilia, wala si kwa shurti ya kuzingirwa.

Hoja hii ina uzito. Kama hofu ingalikuwa ndiyo mjenzi, shamba lingalikufa hofu ilipokwisha. Katika karne ya 20 Wairaqw wengi walishuka wakaenea hata Hanang, lakini Irqwar Da'aw haikuachwa. Ililimwa, na ingali inalimwa.

Nyanda za Hanang zatoa mfano wa pili. Tangu karibu na mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980, na Mahakama ya Rufani ikalipa Shirika ushindi. Hata hivyo mashamba yale hayakudumu mikononi mwa Shirika. Kalamu na trekta viliweza kuipata ardhi upesi. Kuitunza kizazi baada ya kizazi ni kazi nyingine.

Apandaye mizabibu katika baridi ya Mbulu atahitaji miche inayostahimili kuvu, na mteremko upatao jua na upepo. Lakini kabla ya hayo atahitaji kilichowawezesha Wairaqw: samadi karibu na nyumba, mikono ya jamaa kila siku, na yakini kwamba ardhi haitachukuliwa kabla ya mti kuzaa. Bila yakini hiyo hakuna mwenye akili atakayepanda mti wa miaka hamsini. Atapanda mahindi, avune, angoje kuhamishwa.