Fedha za Serikali na Ndimi za Vyama



Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia barazani kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, akaniuliza: "Sheikh, soko likifa na watu wakakosa kazi, serikali itoe fedha au ifunge mkono?" Nikamjibu kuwa mimi si mtu wa uchumi, umri wangu umekwisha katika vitabu vya fiqhi na vya taarikhi. Lakini suali lake lilinikaa moyoni, nami nikaona heri nitazame habari za taifa lililobishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi, nalo ni Marekani. Sikuwachagua Wamarekani kwa kuwapenda wala kwa kuwachukia. Nimewachagua kwa kuwa bungeni kwao kura ya kila mjumbe huandikwa kwa jina lake, na mtu hawezi baadaye kuikana.

Kwanza tuufahamu ugomvi wenyewe. Chukulia mtaani kwako: mwashi hapati kazi kwa kuwa mwenye nyumba ameogopa kujenga. Mwashi akikosa ujira hanunui unga na sukari dukani. Mwenye duka naye haagizi mali kwa tajiri wa jumla, kisha anamwachisha kazi kijana wake. Kila mmoja anapoficha fedha yake afanya la busara kwa nafsi yake, lakini wote wakizificha siku moja soko zima hulala. Mwingereza John Maynard Keynes alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1936, akasema kuwa wakati kama huo serikali yapasa itoe fedha, hata kwa kukopa, ili mwashi apate kazi na gurudumu lianze kuzunguka.

Wenye kupinga nao wana hoja, wala si hoja ya kudharauliwa. Wasema serikali haina fedha yake. Kila inachokitoa imekitwaa kwa kodi ya leo au imekikopa, na mkopo ni kodi ya wajukuu. Wasema pia kuwa mkono wa serikali hauna uchungu na mali, hivyo fedha huishia kwa marafiki wa wakubwa na katika kazi zisizo na manufaa. Nani kati yetu ataapa kuwa hajapata kuyaona hayo kwa macho yake?

Hoja mbili hizi zingeweza kukaa mezani zikapimwa kwa utulivu. Lakini tazama yaliyotokea.

Mwaka 1932 Rais Herbert Hoover wa chama cha Republican alikuwa katika shida kubwa, nchi imeanguka kiuchumi. Mpinzani wake Franklin Roosevelt wa chama cha Democratic alikwenda mji wa Pittsburgh mwezi wa Oktoba, akamlaumu Hoover kwa israfu na madeni, akaahidi kupunguza matumizi ya serikali kwa robo nzima. Akashinda. Alipokalia kiti mwaka 1933 alikuta mtu mmoja katika kila wanne hana kazi, naye akatoa fedha kuliko Hoover. Shirika moja tu la kazi za umma, lililoanza mwaka 1935 hadi 1943, liliajiri watu wapatao milioni 8.5 kwa kujenga barabara, shule na madaraja. Husimuliwa kuwa mwaka 1936, alipotaka kurudi Pittsburgh kuhutubia, alimuuliza msaidizi wake vipi aielezee ile ahadi ya zamani. Msaidizi akamwambia njia ni moja: akane kuwa hajapata kufika Pittsburgh.

Mimi simlaumu Roosevelt kwa kuwalisha wenye njaa. Nataka uone tu kuwa aliyesimama nje alisema neno moja, na alipoingia ndani akatenda jingine. Tena mwaka 1937 alirudi kubana matumizi kabla mgonjwa hajapona, na mwaka 1938 wasio na kazi wakaongezeka upya.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Mwezi wa Februari 2008 Rais George W. Bush wa Republican aliona soko linalegea, akatia sahihi sheria ya kuwapelekea watu fedha mkononi, dola 600 kwa mtu na 1,200 kwa mume na mke. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 380 dhidi ya 34. Vyama vyote viwili vilikubali, wala hatukusikia kelele kubwa ya wajukuu na madeni.

Miezi saba baadaye benki ya Lehman Brothers ilianguka, na mikopo ya nyumba iliyorundikwa riba juu ya riba ikawaangukia wenyewe. (Habari ya riba ina siku yake, leo nitaipita.) Barack Obama wa Democratic alipoapishwa Januari 2009, katika mwezi huo mmoja peke yake kazi zaidi ya 700,000 zilipotea. Akaleta mpango wa dola bilioni 787, ambao karibu theluthi yake ilikuwa ni kupunguza kodi, jambo ambalo Republican wenyewe hulipenda siku zote. Katika Baraza la Wawakilishi hakuna hata mjumbe mmoja wa Republican aliyeukubali. Kiongozi wao, John Boehner, aliubwaga chini ule mswada wa kurasa zaidi ya 1,000 mbele ya wenzake, akisema hakuna aliyeusoma. Ukapita kwa 246 dhidi ya 183. Katika Seneti walipatikana Republican watatu tu: Susan Collins, Olympia Snowe na Arlen Specter. Huyo Specter kabla ya mwezi wa Aprili kwisha alikuwa amehamia chama cha pili, kwa kuwa kwao hapakukalika tena.

Kisa cha Charlie Crist ndicho kilichonishughulisha zaidi. Alikuwa gavana wa Florida, mtu wa Republican. Tarehe 10 Februari 2009 Obama alifika Fort Myers, mji ulioumia vibaya kwa watu kunyang'anywa nyumba zao na mabenki. Crist alimkaribisha, akauunga mkono mpango wake, na wawili wale wakakumbatiana jukwaani. Gavana yule alikuwa na watu wasio na kazi, walimu wa kulipwa na hazina iliyopungua, angefanya nini? Lakini picha ya kule kukumbatiana ilimfuata kila alikokwenda. Alipogombea Useneti, wenziwe wakaitumia dhidi yake hata akatoka chamani mwaka 2010, na uchaguzi akaukosa. Kumkumbatia mgeni, ambako sisi pwani tungekuita adabu, kwao kulikuwa dhambi isiyo na toba.

Upande wa pili, gavana wa South Carolina, Mark Sanford, alikataa kupokea kiasi cha dola milioni 700 zilizokusudiwa hasa mashule. Yeye hakuyumba katika rai yake, na kwa hilo namheshimu, ingawa fedha ile ilikuwa ya watoto wa watu. Mambo yakafika mahakamani, na Juni 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo lake ikamwamrisha azichukue. Wako wajumbe wengine waliopiga kura ya kukataa, kisha wakaonekana wakitabasamu penye uzinduzi wa barabara na majengo yaliyojengwa kwa fedha zile zile. Hao sina la kuwaheshimu kwalo.

Democratic nao walijitia kitanzi wenyewe. Wataalamu wa Obama walikuwa wameandika kuwa mpango ukipita, wasio na kazi hawatazidi kiasi cha watu 8 katika kila 100. Oktoba 2009 walifika 10. Wapinzani wakasema: mmeona, fedha zimeteketea bure. Wenye mpango wakasema: shimo lilikuwa na kina kuliko tulivyodhani. Ofisi ya bajeti ya bunge, ambayo haina chama, ilikadiria kuwa katikati ya mwaka 2010 watu baina ya milioni 1.4 na milioni 3.3 walikuwa na kazi kwa sababu ya mpango ule. Mimi nasadiki kuwa ulifaa, na kuwa waliouahidi waliahidi kupita kiasi. Lakini hesabu ile haikumgeuza mtu wa upande wowote.

Mwaka huo huo wa 2009 Kenya nayo ilitenga shilingi bilioni 22 kuamsha uchumi: masoko, shule, na mabwawa ya samaki 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140. Pande mbili kubwa zilikuwa pamoja serikalini, hivyo hapakuwa na chama kikubwa cha kupinga kwa sababu ya kiti tu. Kama kila bwawa lilipata samaki, hilo waulizwe wenye mabwawa.

Kadhi anapoletewa ushahidi huuliza kama shahidi anajivutia manufaa nafsini mwake. Akijivutia, ushahidi wake haupokewi, ijapokuwa yamkini asemalo ni kweli. Wapime kwa kipimo hicho. Mwisho wa mwaka 2017, Republican wakiwa na kiti, walipunguza kodi kwa kiasi cha kuzidisha deni kwa zaidi ya dola trilioni moja katika miaka kumi, na nchi wakati huo haikuwa na shida. Wale wa wajukuu walinyamaza. Democratic ndio sasa waliolilia wajukuu, na hata mmoja wao hakupiga kura ya ndiyo. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango, Seneti ilipitisha kiasi cha trilioni 2.2 kwa kura 96 bila ya hata moja ya kukataa. Rais alikuwa Donald Trump wa Republican. Machi 2021, maradhi ni yale yale na bunge ni la mji ule ule, lakini rais ni Joe Biden wa Democratic: mpango wa trilioni 1.9 haukupata kura hata moja ya Republican, ukapita Seneti kwa 50 dhidi ya 49.

Na kisa cha Nabii Yusuf hakuna katika sisi asiyekijua: miaka ya neema iliwekewa akiba kwa ajili ya miaka ya ukame. Marekani ilikuwa na ziada katika hazina miaka minne, 1998 hadi 2001. Ikaliwa kwa kupunguza kodi na kwa vita, hata 2008 ilipofika ghala lilikuwa na madeni badala ya nafaka.

Yuko mmoja niliyemwona akipima kwa kibaba badala ya kupima kwa kiti. Lawrence Summers, mtu wa Democratic, alikuwa mshauri wa Obama mwaka 2009 akitaka fedha zitolewe. Mwaka 2021 aliwaonya wa chama chake mwenyewe kuwa mpango wa Biden umezidi kina cha shimo, na kwamba bei zitapanda. Wakubwa wa chama hawakumsikiliza. Juni 2022 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 katika mwaka mmoja, kiasi kisichoonekana huko tangu mwaka 1981. Wataalamu wabishana hadi leo ni sehemu gani ilitokana na fedha zile, na ipi ilitokana na vita vya Ukraine na shehena zilizokwama bandarini.

Kijana wangu aliporudi barazani nilimsimulia haya, naye hakuridhika. Alitaka jibu la neno moja. Nikamwambia kuwa kwa mwaka 2009 ningesema itoe, kwa mwaka 2021 ningesema itoe lakini pungufu ya ile, na kwa mwaka 2017 ningesema iweke ghalani. Akasema hayo ni majibu matatu. Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa na miaka ni mitatu.