Hadikoo (muziki)

Hadikoo ni jina la mitindo kadhaa ya muziki inayofanana kwa kasi, ukali wa sauti na kukataa kulainishwa. Kwenye punk ilizuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, Bad Brains, bendi ya vijana weusi iliyoanzishwa Washington, ikiwa kinara. Kwenye muziki wa kompyuta mfano wake mkubwa ni gaba ya Rotterdam, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hip hop

Nchini Tanzania hadikoo ya aina hii huitwa hip hop ngumu. Kundi la Hard Blasters (Profesa Jay, Fanani na Big Willy) lilitoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Kundi la Kikosi cha Mizinga la Kinondoni, chini ya Kalapina, lilishikilia msimamo huohuo wa kutolainisha muziki.

Singeli

Singeli, muziki mkali kuliko wote Afrika Mashariki, ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na Mburahati, miaka ya 2000. Umetokana na mchiriku, taarabu na ngoma za vigodoro, zile sherehe za mtaani zinazokesha hadi alfajiri. Mtayarishaji hukata kipande kifupi cha kinanda cha taarabu, hukizungusha bila kukoma kwenye kompyuta, kisha hukiongezea kasi hadi midundo 200, hata 300, kwa dakika. Juu yake MC huchana mfululizo kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi na ugumu wa maisha, kiasi kwamba msikilizaji mgeni hashiki neno.

Kwa miaka mingi muziki huu ulibezwa kuwa wa kihuni, hukumu isiyoutendea haki. Mwimbaji Msaga Sumu aliubeba mabegani kabla redio hazijaukubali. Redio ya EFM ilipoanza kuupa nafasi, na Man Fongo alipovuma na wimbo wa Hainaga Ushemeji mwaka 2016, ukasikika nchi nzima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa studio ya Sisso ya Mburahati. Wapenzi wa gaba Ulaya wakaupokea kama ndugu, ingawa haukutoka kwao.

Metali

Jijini Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu waliunda kundi la Duma; albamu yao yenye jina hilohilo ilitoka 2020. Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept mwaka 2024, akimuenzi Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau wa ukoo wake.