Pomboo Aliyegeuzwa Kichwa

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua riwaya kwa muuza vitabu wa barabarani, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Bei ilikuwa nusu ya ile ya dukani, na mimi nilikuwa nawahi daladala, kwa hiyo sikukagua kitu. Nilipofika ukurasa wa 96 hadithi ikarudi ukurasa wa 81, ikapita tena njia ileile, halafu ikarukia ukurasa wa 113. Kurasa 16 za katikati, pale ambapo mambo yalikuwa yameanza kunoga, hazikuwemo kabisa.

Ndipo nikafunga kitabu na kukitazama mgongo. Nembo ya mchapishaji ilikuwepo, ila imefifia kingo zake, kama picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Nilikuwa nimeuziwa feki. Mwandishi hakupata hata senti yangu moja, na mimi sikupata hadithi nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo. Sikuutazama tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa wa kutazama nembo za vitabu, na ugonjwa huo ukanipeleka mbali: Ulaya ya karne ya 15, kwa watu wa kwanza kuchapa vitabu kwa herufi za chuma na kutaka dunia ijue kwamba kazi hii ni yao.

Tuanze na jambo la kushangaza. Johannes Gutenberg, ambaye kila mtoto wa shule anamjua, hakuweka jina lake kwenye kitabu. Biblia yake kubwa, iliyochapwa mjini Mainz, Ujerumani, na kukamilika yapata mwaka 1455, haina jina la mchapaji, haina mji, haina tarehe. Mwaka huohuo tajiri aliyemkopesha mtaji, Johann Fust, alimpeleka mahakamani kudai fedha zake, na akashinda. Kisha Fust akashirikiana na Peter Schöffer, kijana fundi aliyejitokeza kwenye kesi hiyo kama shahidi wa upande wake.

Tarehe 14 Agosti 1457 wawili hao wakatoa kitabu cha Zaburi, kizuri ajabu, chenye herufi kubwa za rangi nyekundu na buluu. Mwishoni wakaandika maneno machache ya kujitambulisha: majina yao, mji wao, tarehe, na majigambo kidogo kwamba kazi hii imefanyika bila kalamu. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa Ulaya kikiwa na majina ya wachapaji na tarehe kamili. Na katika maneno hayohayo ya kujisifu wakakosea neno la msingi kabisa. Badala ya "psalmorum", yaani "ya zaburi" kwa Kilatini, herufi zikasomeka "spalmorum". Ni kama leo mtu aandike "Zabrui" pale pale anapojitangaza. Kwa sisi tunaofanya kazi kwenye magazeti hili halihitaji maelezo: kosa baya zaidi huwa linajificha kwenye kichwa cha habari.

Lakini hapo kuna jambo kubwa kuliko kosa lenyewe. Mtu akishaweka jina lake, kosa linakuwa na mwenyewe. Biblia waliyoichapa mwaka 1462 ikaja na alama yao pia: ngao mbili ndogo zinazoning'inia kwenye tawi, zimegongwa kwa wino mwekundu. Msomaji asiyejua Kilatini angeweza kuitambua kazi yao kwa macho tu.

Kwa nini alama, wakati jina lipo? Fikiria soko la wakati ule. Vitabu vingi vilisafirishwa bila jalada, karatasi tupu zilizopakiwa kwenye mapipa, na mnunuzi ndiye aliyempelekea fundi wa kujalidi. Wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa na desturi ya zamani ya kupiga alama kwenye marobota yao ili mzigo ujulikane bandarini. Wachapaji nao walikuwa wafanyabiashara, wakachukua desturi hiyo. Ndiyo maana alama nyingi za mwanzo zinafanana na chapa ya mzigo: duara, mstari unaopanda juu, na msalaba kileleni, kama ile iliyotumiwa Venice mwaka 1481 na kampuni yenye jina la Nicolas Jenson. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, naye alitumia herufi za jina lake, W na C, zikiwa na michoro katikati.

Baadaye ufundi ukaingia na mambo yakapendeza. Johann Froben wa Basel alitumia fimbo yenye nyoka wawili na njiwa juu yake. Christophe Plantin wa Antwerp alichagua mkono ulioshika bikari, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya kazi na uthabiti: mguu mmoja wa bikari umesimama, mwingine unazunguka.

Ila nembo iliyopendwa kuliko zote, na iliyoibwa kweli kweli, ni ya Aldus Manutius.

Aldus alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchapaji. Alifika Venice akiwa mtu mzima, na ndoto yake ilikuwa kuchapa maandishi ya Wagiriki wa kale kabla hayajapotea. Mwaka 1501 akafanya jambo lililobadilisha usomaji: akamtoa Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, bila mzigo wa maelezo ya wasomi pembeni, kwa herufi mpya za mlalo zilizochongwa na fundi Francesco Griffo. Kabla ya hapo kazi kama hizo zilikuwa vitabu vikubwa vya kuwekwa mezani. Sasa mtu angeweza kutembea na mshairi wake. Wewe unayesoma riwaya kwenye foleni ya benki, huyo ni babu yako.

Mwaka 1502 vitabu vyake vikaanza kubeba nembo ya pomboo aliyejizungusha kwenye nanga. Mchoro huo ulitoka kwenye sarafu ya fedha ya Kirumi ya zama za Kaisari Titus, ambayo Aldus alipewa na rafiki yake, mwandishi Pietro Bembo. Pomboo ni mwendo, nanga ni utulivu, na msemo unaoambatana nao kwa Kilatini ni "festina lente", yaani harakisha polepole. Sisi tunasema haraka haraka haina baraka, lakini angalia tofauti: methali yetu inaikataa haraka, msemo wa Aldus unaitaka haraka na utulivu vikae pamoja. Alijua anachosema. Inasimuliwa kwamba mlangoni pake aliweka tangazo la kumwomba mgeni aseme shida yake kwa kifupi na aende zake, isipokuwa kama amekuja kusaidia kazi.

Wachakachuaji nao hawakuchelewa. Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, walianza kuiga vitabu vyake karibu mara moja: umbo lilelile dogo, herufi zilezile za mlalo, hata dibaji zake. Serikali ya Venice ilikuwa imempa Aldus haki ya peke yake ya kutumia herufi hizo, lakini amri ya Venice iliishia mpakani mwa Venice. Lyon haikuwahusu. Hawakuweka jina wala mji, wakamwachia mnunuzi adhani anavyotaka kudhani.

Tarehe 16 Machi 1503 Aldus akachapa onyo kwa wasomaji. Karatasi ya hao watu, alisema, ni duni na ina harufu nzito. Herufi zao hazikuunganishwa vizuri. Kisha, kwa hasira ya mwalimu anayesahihisha daftari, akaorodhesha makosa ya uchapaji ya vitabu feki kimoja baada ya kingine, ili msomaji aweze kuvitambua.

Unajua watu wa Lyon walifanya nini? Wakaichukua orodha ile, wakasahihisha makosa yao, wakachapa upya. Aldus alikuwa amewafanyia kazi ya uhariri bure!

Niliposoma habari hii nilicheka, halafu nikanyamaza. Huyu mtu alifanya kila ambacho mwandishi au mchapishaji wa leo angefanya. Alikuwa na hati ya serikali, alikuwa na jina, alikuwa na njia ya kuufikia umma. Bado walimzidi ujanja.

Aldus alifariki mwaka 1515, na kazi ikaendelea mikononi mwa baba mkwe wake, Andrea Torresano. Safari hii wezi walikuwa karibu zaidi. Wachapaji fulani wa Florence hawakuishia kuiga herufi, waliiba nembo yenyewe, pomboo na nanga yake. Katika dibaji ya kitabu cha mwanahistoria Livy kilichotoka mwaka 1518, nyumba ya Aldus ikawaumbua: tazameni pomboo wao, kichwa kimegeukia kushoto. Wa kwetu, kama kila mtu ajuavyo, anatazama kulia.

Kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya hadithi nzima. Mwizi alinakili karibu kila kitu, akapotea kwenye upande wa kichwa cha pomboo. Lakini neno lenye uzito hapo ni "kama kila mtu ajuavyo". Torresano hakuwategemea askari. Aliwategemea wasomaji waliokwishashika vitabu vya Aldus mara nyingi kiasi cha kukumbuka pomboo anatazama wapi. Pasipo msomaji wa namna hiyo, nembo ni urembo tu.

Serikali zikaja kuona umuhimu wake pia. Mwaka 1539 Mfalme François I wa Ufaransa alitoa amri kwamba wachapaji wasichukuliane alama, kila mmoja awe na yake, ili wanunuzi wajue kwa urahisi kitabu kimechapwa wapi. Sheria nzuri, inamlinda mteja. Ila alama inayomwonyesha mteja mlango wako inawaonyesha na wengine mlango huohuo.

Étienne Dolet, msomi na mchapaji wa Lyon, alikuwa na nembo ya mkono ulioshika shoka la kuchongea juu ya gogo. Ilikuwa mchezo wa maneno kwa jina lake, kwa sababu shoka hilo kwa Kifaransa huitwa "doloire". Vitabu vyake viliwaudhi wakubwa wa kanisa na wa dola. Miongoni mwa mashtaka yaliyomkuta ni kwamba katika tafsiri ya maandishi yaliyohesabiwa kuwa ya Plato aliongeza maneno matatu, yenye maana kwamba mtu akishakufa si kitu kabisa. Maneno matatu! Tarehe 3 Agosti 1546 alinyongwa na kuchomwa moto huko Place Maubert, Paris, pamoja na vitabu vyake.

Ndiyo maana karne iliyofuata vitabu vya hatari vilianza kuzagaa vikiwa na jina la Pierre Marteau wa Cologne, mchapaji ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Siwezi kuwalaumu waliomtunga.

Kazini kwangu jina langu huwekwa juu ya kila habari ninayoandika. Zipo siku nimetamani lisiwepo: siku niliyokosea cheo cha mtu, siku niliyopigiwa simu na sauti nisiyoifahamu. Nikiwafikiria Schöffer na "spalmorum" yake, na Dolet na shoka lake, naona kwamba jina ni deni, na anayelidai ni msomaji.

Ile riwaya ya kurasa zilizoruka bado ninayo. Nilinunua nyingine dukani, nikaisoma kurasa zile 16 nikiwa nimesimama palepale kwenye foleni ya kulipa. Kabla ya kulipa niliigeuza mgongo na kuitazama nembo, taratibu. Muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, naangalia tu.